Saa Moja Nyuma: Zambia ya Kaskazini kwa Msafiri wa Rukwa

Ukivuka Kasesya kuingia Zambia, rudisha saa nyuma. Wenzetu wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo aliyegongewa muhuri saa tatu asubuhi huingia kwao ikiwa saa mbili. Ila hiyo saa mbili usiitamke. Kule saa huhesabiwa Kizungu tangu usiku wa manane, na dereva ukimwambia mwondoke saa mbili, atakutokea mchana wakati wewe umeshachoka kukalia begi lako.

Mtanzania haombi viza. Chukua pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kwacha kidogo kutoka kwa wabadili fedha wa mpakani. Hizo zihesabu mwenyewe, polepole, kabla mwenye mkoba hajaondoka.

Nilitoka Mtowisa bila kampuni ya utalii wala mwenyeji. Kwa mtu wa bondeni safari huanza kwa kupanda Lyamba lya Mfipa, ukiacha joto la mashamba ya mpunga na kuibukia Sumbawanga, ambako hata mwezi wa saba adhuhuri utamkuta mtu na koti. Kisha Matai, kisha mpaka. Wengi wetu tukisema nje ya nchi tunawaza Dubai au China. Hii nje ya nchi nyingine iko nyuma ya nyumba, na nauli yake ni ya basi na bodaboda.

Mstari wenyewe ulichorwa Ulaya. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo, na kwa upande huu wakaufanya mto Kalambo kuwa mpaka. Walungu na Wamambwe wakajikuta huku na huku. Ndiyo maana Mfipa akisimama katika soko la Mbala haoni ugeni mkubwa: Kimambwe na Kifipa ni ndugu, na mtu akitaja amanzi humhitaji mkalimani kujua kwamba ni maji. Jasho huanza kukutoka ukifika kwa Wabemba.

Mbala ni mji wa nyanda za juu, baridi yake ileile ya kwetu. Wakoloni waliuita Abercorn. Hapa ndipo Vita Kuu ya Kwanza ilipoishia kwa upande wa Afrika Mashariki. Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari na wapagazi aliowaburuza kutoka Tanganyika hadi Msumbiji na kurudi, alipata habari siku mbili tatu baadaye akiwa mto Chambeshi. Silaha akazikabidhi Abercorn tarehe 25 Novemba. Wenyeji husema nyingine zilitupwa katika ziwa Chila, kijiziwa kilicho pembeni mwa mji. Nilikaa ukingoni nikitazama vijana wakivua kwa ndoano, wala hakuna aliyenasa bunduki.

Makumbusho ya Moto Moto nje kidogo ya mji yana jina la utani la Askofu Joseph Dupont wa White Fathers. Vitu vyenyewe vilikusanywa na padri mwingine wa shirika hilo, Jean Jacques Corbeil. Nilikawia mbele ya mbusa, vinyago vya udongo ambavyo bibi wa Kibemba humfundishia mwari mambo ya ndoa, na mbele ya zana za wahunzi. Hapo, nakiri, niliona wivu. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Malungu yetu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, ziliyeyusha mawe bila mtu kuvukuta, na nyingine zimesimama hadi leo maporini, mbuzi wakijikunia ubavuni. Jirani ameviweka vyake ndani, akaviandikia vibao.

Kutoka Mbala hadi maporomoko ya Kalambo hazifiki kilomita 40, ila barabara ya vumbi huzifanya zionekane mia. Mto unakwenda taratibu juu ya mwamba, maji ya magotini, kama mto wowote wa kufulia nguo. Halafu ardhi inakwisha. Maji yanadondoka mita 220 hivi kwa mkupuo mmoja, zaidi kidogo ya mara mbili ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yenye mita 108. Nililala kifudifudi nikachungulia. Kabla ya kufika chini maji yalikuwa yameshageuka ukungu, na katikati ya ukungu korongo walikuwa wakizunguka, mbawa wazi, nikiwaona migongo. Ni mara chache mtu humwona korongo mgongo akiwa angani. Ng'ambo, karibu mtu angeweza kupaza sauti akaitikiwa, ni Tanzania.

Juu ya maporomoko hayo, kwenye kingo za mto, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mwaka 2019 magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine na kuchongwa pengo ili yakamatane. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023: umri wake ni miaka 476,000 hivi, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea duniani. Mti huoza, hayo yaliokolewa na tope lililolowa maji muda wote. Pale penyewe leo utaona mchanga na matete tu. Mimi nilitazama matete kwa heshima.

Bandari ya Zambia ni Mpulungu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Unateremka kutoka Mbala karibu mita 900, masikio yanaziba, joto linakupokea. Aliyewahi kushuka kutoka Ntendo kwenda Muze ataujua mteremko huo mwilini. Kiswahili kinarudi. Miaka mingi MV Liemba, meli iliyoanza kazi mwaka 1915 kwa jina la Kijerumani, ilikuwa ikipiga honi hapa baada ya Kasanga. Karibu na mji liko gofu la kanisa la mawe la Niamkolo, lililojengwa na wamisionari Waingereza katika miaka ya 1890. Dagaa wa hapa huitwa kapenta, na ndio waliopelekwa kupandwa Kariba katika miaka ya 1960.

Mwenye siku zaidi aende Kasama akaone michoro ya kale kwenye miamba ya Mwela, au afike Mosi-oa-Tunya yenyewe, ambayo kutoka Mbala ni safari ya kuvuka nchi nzima. Milima si ya kufuata huko. Mrefu kuliko yote, Mafinga, una mita 2,339, na sisi wenye Mbizi hatutetemeki.

Siku ya kurudi nilinunua chikanda sokoni Mbala. Hukatwa vipande kama keki. Ni kahawia, ina ukakasi wa karanga na pilipili inayochelewa kuwasha. Hupikwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini.

"Bamayo," nikamwuliza muuzaji, "viazi hivi mnachimba wapi?"

Akacheka, akajibu kwa Kiswahili safi. "Vya kwetu vimekwisha, tata. Hivi vinatoka kwenu."