Tone la Mafuta na Asili Yake

Aghalabu mwenye gari wa Meru au Embu, aonapo asubuhi doa jeusi chini ya injini, huharakia kuagiza sili mpya kabla ya kupata yakini mafuta yanatoka wapi. Na hapo ndipo hasara ianzapo, kwani yadondokapo mafuta sipo yavujapo. Yakipenya juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, huteremka na kusukumwa nyuma na upepo wa safari hata yakaonekana injini inapoungana na giaboksi, ikalaumiwa sili ya nyuma ya krankishafti, ambayo haibadilishwi illa giaboksi ishushwe.

Kwa hiyo sharti itazamwe rangi kwanza: nyeusi au hudhurungi ni ya injini, nyekundu, aghalabu, ya giaboksi ya otomatiki au usukani, kijani au waridi ni maji ya rejeta. Kisha injini ioshwe, ikaushwe, gari liendeshwe kidogo, ndipo fundi amulike kwa tochi kutoka juu kwenda chini, akilitafuta tone lililo juu kuliko yote, maana hilo ndilo lililo karibu na asili.

Barabara ya Embu hadi Meru, ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, hushuka na kupanda mabonde ya mito ya Mlima Kenya, kama Thuci na Nithi, na gari lililosheheni mizigo hupata joto kali katika kila mwinuko. Joto hilo, likijirudia kwa miaka, huukakamaza mpira wa sili na gasketi hata ukapasuka.

Walakini iko sababu iliyositirika zaidi. Hewa ya mwako hupenya kandokando ya ringi za pistoni ikaingia sehemu ya chini ndani ya injini, na hutolewa kwa valvu ndogo ya kupumulia. Valvu hiyo ikizibwa na masizi, shinikizo huongezeka na kuyasukuma mafuta nje penye udhaifu wowote, na sili mpya nayo huvuja. Injini ikinguruma taratibu, fundi alegeze kifuniko cha kumiminia mafuta: moshi ukifoka kwa nguvu, akague valvu hiyo, na akiikuta safi, apime kompresheni, kwani yamkini ringi zimechakaa.

Tena tahadhari na silikoni inayopakwa kwa wingi ili kuziba ufa: vipande vyake humeguka ndani, vikaziba chujio la pampu, injini ikanyimwa mafuta na kufa. Basi kabla ya kulipia sili yoyote, mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako mwenyewe mahali mafuta yanapotokea, na sababu iliyoyatoa.