Majira Yetu ya Mwaka na Majira ya Kitabu cha Kiingereza



Wanafunzi wetu wapenzi, wazazi na walezi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu analiona kwa macho yake, lakini ni wachache wanaoweza kulieleza. Jambo hilo ni majira ya mwaka na hali ya hewa.

Sababu ya kulichagua ni hii. Wengi wenu asubuhi mko shuleni na jioni mko madrasa. Shuleni mnasoma kitabu cha Kiingereza kinachosema kuwa mwaka una majira manne: spring, summer, autumn na winter. Madrasa mnahifadhi Surat Quraysh, inayotaja safari ya shitaa na safari ya swayf. Nyumbani mnawasikia babu na bibi wakisema masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Lugha ni tatu na majina ni mengi, na mwanafunzi asiyeelezwa huyachanganya yote. Ndipo mtoto wa Korogwe anapoandika katika insha yake kwamba Desemba ni mwezi wa baridi kali, naye anaandika huku jasho linamtiririka.

Isitoshe, kwetu sisi wakulima elimu hii si ya insha peke yake. Anayekosea majira hupoteza mbegu, na mwenye kupoteza mbegu hupoteza chakula cha watoto wake.

TUTENGANISHE MANENO MATATU

Hali ya hewa ni jinsi anga ilivyo leo au wiki hii: jua, mawingu, upepo, mvua. Kwa Kiingereza ni weather. Majira ni kipindi cha miezi kadhaa chenye tabia inayojirudia kila mwaka, nacho kwa Kiingereza ni season. Tabianchi ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, kwa kawaida miaka 30, na kwa Kiingereza huitwa climate. Basi mvua moja ya Agosti hapa Handeni haigeuzi kiangazi kuwa masika, na mwaka mmoja wa ukame peke yake si ushahidi wa kutosha kuwa tabianchi imebadilika. Hutazamwa miaka mingi.

MAJIRA YETU

Masika ni Machi hadi Mei. Hizi ndizo mvua ndefu. Wengi hutia mahindi na maharage ardhini mvua zinaposhika, na Aprili mashamba yote huwa kijani.

Kipupwe ni Juni hadi Agosti. Upepo wa kusi unavuma, baridi inaingia, hasa alfajiri, na mvua ni za rasharasha. Ni wakati wa kuvuna mahindi ya masika na kuyakausha.

Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ni mvua fupi, na hazina uaminifu wa masika. Mwaka mmoja hujaza malambo, mwaka mwingine hunyesha siku nne kisha jua linarudi. Embe nazo huanza kuiva.

Kiangazi ni kipindi cha ukavu. Kikali kwetu ni cha Januari na Februari, wakati upepo wa kaskazi unaleta joto na majani yanakauka kabla masika hayajaingia.

KWA NINI MAJIRA HUBADILIKA?

Wengi hudhani joto huja kwa sababu dunia imelisogelea jua. Si hivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na wakati huo huo London watu wanavaa makoti mazito. Sababu ni kwamba dunia imeinama kwa nyuzi 23 na nusu inapolizunguka jua. Kwa hiyo miezi fulani upande wa kaskazini huelekea zaidi kwenye jua, na miezi mingine upande wa kusini. Walio mbali na Ikweta huona tofauti kubwa. London mchana wa Juni hufika saa 16 na nusu hivi, na wa Desemba hupungua chini ya saa 8. Huko kweli kuna majira manne ya joto na baridi.

Sisi tuko takriban nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta. Mchana wetu mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni hutofautiana kwa dakika 35 hivi. Kwa hiyo majira yetu hayapimwi sana kwa baridi na joto, hupimwa kwa mvua.

Jua la utosi hutupitia mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba likirudi kusini. Panapopigwa na jua la utosi hewa hupata joto na kupanda juu, na pepo kutoka kaskazini na kusini hukutana hapo zikiwa na unyevu wa bahari. Hewa inapopanda hupoa, unyevu unakuwa mawingu, na mawingu yanakuwa mvua. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ukipita kwenda kaskazini tunapata masika, ukirudi kusini tunapata vuli. Ndiyo maana Tanga ina misimu miwili ya mvua, ilhali Dodoma na Mbeya, zilizo kusini zaidi, zina msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili.

JARIBIO LA KIJITI

Wanafunzi, msitukubalie kwa maneno tu. Simikeni kijiti cha mita moja wima uani, mtazame kivuli chake wakati wa zawali, kabla tu ya kuingia adhuhuri. Kwetu ni kati ya saa 6:10 na saa 6:40 mchana, kutegemea mwezi. Mwishoni mwa Desemba kivuli kitaangukia kaskazini, urefu wa sentimita 33 hivi, nako ni karibu kabisa na upande wa Qibla, kwa kuwa Makka kwetu iko kaskazini ikiinama kidogo tu mashariki. Mwishoni mwa Juni kitageuka kuangukia kusini, sentimita 54 hivi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba kivuli karibu kitatoweka. Mkiona kimetoweka, jueni jua liko utosini na ukanda wa mvua uko njiani.

SHITAA, SWAYF, KASKAZI NA KUSI

Makka iko kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo shitaa yake ni wakati mmoja na winter ya Uingereza: Desemba hadi Februari. Makuraishi walisafiri kwenda Yemen, kusini kwenye joto, wakati wa shitaa, na kwenda Sham, kaskazini kwenye ubaridi, wakati wa swayf. Biashara yao ilifuata majira.

Pwani yetu nayo ilifanya vivyo hivyo. Majahazi ya Arabuni yaliteremka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, na yalirejea kwa kusi kuanzia Aprili. Mabandari ya Tanga na Pangani yaliishi kwa pepo hizi mbili.

HANDENI NA KOROGWE HAZIFANANI

Korogwe iko bondeni, ukingoni mwa Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Upepo wa baharini unapogonga milima hiyo hulazimika kupanda, unapoa na kuacha mvua. Ndiyo maana Amani, iliyo juu ya Usambara ya Mashariki, ni kijani mwaka mzima, na nyuma ya milima, upande wa Mkomazi, ni kukavu. Mto Pangani unaleta maji ya Kilimanjaro na Meru, na mto Luengera unaleta ya Usambara. Kwa hiyo mto unaweza kujaa hata siku ambayo Korogwe haikupata tone.

Handeni iko juu zaidi, kwenye vilima visivyo na mto mkubwa wa kudumu. Hewa yake ni nafuu kidogo kwa joto, lakini maji ni shida ya miaka mingi. Mradi wa HTM unachota maji Mto Pangani na kuyapandisha hadi Handeni. Kwa maneno mengine, sehemu ya maji tunayoyanywa Handeni ni mvua iliyonyesha Kilimanjaro.

MIAKA ISIYO YA KAWAIDA

Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hunyesha kwa nguvu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Oktoba ya mwaka huo mvua zilibomoa madaraja na kukata barabara ya Korogwe na Handeni, na watu walipoteza maisha. El Niño, yaani joto la ziada katika Bahari ya Pasifiki, nayo hutuongezea vuli, kama mwaka 1997 na mwaka 2023. Kinyume chake ni La Niña, ambayo mara nyingi hutupunguzia. Vuli za mwaka 2021 na 2022 zilikuwa hafifu, na wafugaji na wakulima wa kaskazini mashariki mwa nchi wanazikumbuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Wapo wanaouliza kama kuusikiliza ni kudai kujua ghaibu, kwa kuwa Surat Luqman aya ya 34 imetaja mvua miongoni mwa mambo yaliyo katika elimu ya Mwenyezi Mungu (S.W.). Jibu letu ni kwamba mtabiri hadai ghaibu. Anapima joto la bahari, upepo na mawingu, kisha anakadiria, na anaweza kukosea. Ni kama daktari anayepima damu. Kuomba mvua kwa swala ya Istisqaa na kusikiliza utabiri havipingani. Mkulima hupanda kwanza, kisha akategemea.

Lakini tujue kuusoma. Utabiri ukisema mvua za chini ya wastani, haina maana hakutanyesha kabisa. Maana yake ni tupande mbegu za muda mfupi, tuongeze muhogo, tusiuze akiba yote. Ukisema juu ya wastani, tusafishe mifereji na tusilime ukingoni mwa mto. Na watoto, maji yakipita juu ya daraja msivuke, hata kama yanafika magotini tu na wengine wanavuka.

RAMADHANI HAINA MSIMU

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuyazunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2006 ilianza mwishoni mwa Septemba, mwaka 2021 ikawa Aprili katikati ya masika, na mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na Desemba. Hapa pana uadilifu mkubwa. Ramadhani ya Juni 2016 Waislamu wa London walifunga zaidi ya saa 16 kwa siku, sisi saa 13 hivi. Lau mwezi ungesimama mahali pamoja, wao wangebeba uzito huo maisha yao yote.

Kwa sababu hiyo mkulima hawezi kupanda kwa kalenda ya mwezi. Wazee wa pwani walilijua hilo, wakawa na hesabu nyingine ya siku 365, yenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, kwa ajili ya kilimo na safari za baharini.

TUKIANDIKA KIINGEREZA

Mwisho, tukumbuke haya katika insha zetu:

1. Masika iandikwe long rains, vuli iandikwe short rains. Tusiite vuli autumn, ingawa baadhi ya vitabu hutafsiri hivyo. Autumn ni wakati majani yanapopukutika Ulaya, na vuli ni wakati yanapochipua kwetu.
2. Kiangazi ni dry season. Summer ya Uingereza ni Juni hadi Agosti, nasi wakati huo tunajifunika blanketi.
3. Sisi husema mvua inanyesha. Mwingereza husema it is raining. Tusiandike rain is raining.
4. Sisi husikia baridi, Mwingereza haisikii kwa masikio. Yeye husema I am cold au I feel cold.

KAZI YA NYUMBANI

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Bati lenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Pima bati la nyumbani kwenu, piga hesabu, kisha mwoneshe mzazi. Hata zikipotea ndoo kumi, hamsini zilizobaki ni safari ngapi za kwenda lamboni ambazo mama na dada zako hawatakwenda?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe mvua ya manufaa isiyo na madhara, na atuzidishie elimu. Wabillahi tawfiq.