Radikali Inayohama Bila Kutoka Chumbani

Haidrati ya methani inafanana na barafu, lakini ukiisogezea kiberiti inawaka. Ndani yake kila molekuli 46 za maji hujenga vizimba vinane, viwili vidogo na sita vikubwa, na kila kizimba huweza kukaliwa na molekuli moja ya methani. Mgeni huyo hajaungana kikemia na kuta, amezingirwa tu. Haidrati ikipigwa mionzi ya gama katika baridi ya nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, baadhi ya methani hunyang’anywa atomu moja ya haidrojeni. Kinachobaki ni methili, radikali yenye elektroni isiyo na mwenzake. Elektroni hiyo ndiyo inayoifichua. Kwa resonansi ya spini ya elektroni, mbinu iliyogunduliwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944, sampuli huwekwa kati ya ncha za sumaku na kupigwa mikrowevu. Protoni tatu za methili huigawa ishara kuwa mistari minne, iliyoachana kwa militesla 2.3 hivi, yenye nguvu za 1:3:3:1. Radikali za maji hazitoi mchoro huo.

Linalonishughulisha hapa ni jinsi methili inavyokufa. Methili mbili zikikutana huungana kuwa ethani, na mistari yote minne hutoweka. Lakini zitakutana vipi, ikiwa kila moja imefungiwa peke yake? Jibu la haraka ni kwamba joto linavunja vizimba. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, vinaonekana kulikubali jibu hilo. Kati ya nyuzi 38 na 13 chini ya sifuri, nishati ya kuanzisha mmenyuko ni karibu kilojuli 55 kwa moli, takriban sawa na ile inayohitajika kuivunja haidrati iwe maji na gesi. Hapo kweli nyumba inabomoka. Kwenye baridi zaidi, kati ya nyuzi 63 na 43 chini ya sifuri, methili zinapungua kwa gharama ya kilojuli 20 hivi tu, karibu sawa na ile ya kuivunja haidrati iwe barafu na gesi. Lakini kuna njia nyingine inayowezekana, ya haidrojeni peke yake kupita ukutani: methili huichukua kutoka kwa methani ya jirani, yenyewe ikawa methani na jirani akawa methili. Ni mbio za kupokezana kijiti, ambamo wakimbiaji hawaondoki mahali pao.

Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba methili mpya haitofautiani na ya zamani, kwa hiyo uhamaji huo hauonekani. Ndiyo maana haidrati ya propani ina thamani kubwa. Mionzi huifanya itoe radikali mbili, propili ya kawaida na isopropili, zenye michoro tofauti. Sampuli ikipashwa, ya kwanza hupungua huku ya pili ikiongezeka. Je, si molekuli moja inayojipanga upya? Kuhamisha haidrojeni ndani ya molekuli hiyo hiyo kunadai nishati kubwa mno kwa baridi ile. Tena propani hukaa katika vizimba vikubwa tu, na kila kimoja kinapakana na vinne vya aina yake kupitia nyuso za pembe sita, pana kuliko zile za pembe tano. Hizo ndizo njia ambazo haidrojeni inaweza kupita.