Kichwa cha kuvuta tela: Uliza difu kabla hujalipa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mfanyabiashara anayenunua kichwa cha kuvuta tela, methali hiyo inaweza kumtia hasara. Wengi wa wanaofanya biashara mpakani, pamoja na ndugu zetu wanaorejea nyumbani na akiba ya miaka mingi, hukagua injini, kabini na matairi, kisha wakalipa. Ni wachache wanaouliza difu ya nyuma ina hesabu gani. Hata hivyo, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama gari litapanda milima yetu likiwa na mzigo, au litakula klachi na mafuta hadi faida yote iishe.

Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa kwa umuhimu. Ya kwanza ni pinioni, ndogo, inayozungushwa na shafti ya propela. Ya pili ni kraunwili, gurudumu kubwa la meno linalozungusha matairi. Ukigawa meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni unapata hesabu ya difu. Kwa mfano, meno 37 kwa 13 ni 2.85, na meno 37 kwa 10 ni 3.7. Maana yake ni kwamba kwenye difu ya pili propela huzunguka mara 3.7 ili tairi lizunguke mara moja.

Namba ndogo ni difu ya mbio, namba kubwa ni difu ya nguvu. Kwa injini ileile na gia ileile, difu ya 3.7 huipa tairi nguvu ya kuvuta iliyozidi ile ya 2.85 kwa asilimia 30. Lakini nguvu hiyo hailetwi bure. Gari lenye matairi ya 315/80 R22.5, likienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, injini yake huzunguka karibu mara 1,160 kwa dakika ikiwa difu ni 2.85. Ikiwa ni 3.7 huzunguka karibu mara 1,500. Ikiwa ni 4.8 hufikia mara 1,950, na hapo injini hupiga kelele na mafuta hutiririka.

Vichwa vingi vilivyotumika vinavyotoka Ulaya vilitengenezewa barabara kuu za huko, ambako gari hukimbia siku nzima kwa mwendo mmoja. Difu zake mara nyingi ni za mbio. Huku kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na tela lenye ekseli saba. Uzito huo ndio unaoteremshwa Mlima Sekenke kabla ya kufika Igunga, na baada ya kuvuka Daraja la Rusumo, vilima vya Rwanda havina mwisho hadi Kigali. Anayetoka Mombasa hupita Timboroa, juu ya mita 2,500, kisha milima ya Kabale. Anayetoka Bujumbura, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika mwendo wa kilomita chache tu.

Je, kila mtu anunue difu ya nguvu? La. Difu na giaboksi ni kama mume na mke, huwezi kumhukumu mmoja bila kumwangalia mwenzake. Kichwa chenye gia 12 au 16 na gia ya kwanza iliyo nzito sana kinaweza kuvumilia difu ya mbio, kwa kuwa dereva anazo gia za kurudi nyuma kilimani. Kichwa cha zamani chenye gia chache hakina nafasi hiyo. Dereva atalazimika kuchezea klachi kila anapoondoka, na klachi itaungua. Vilevile, anayebeba mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na Singida tu atanufaika na namba ndogo kuliko anayeishia Kigali au Gitega.

Lipo pia suala la kuteremka. Katika gia moja na mwendo mmoja, difu ya nguvu huifanya injini izunguke zaidi, hivyo breki ya eksozi hushika vizuri na breki za magurudumu hupumzika. Kwa tela lililojaa, tofauti hiyo ni uhai wa dereva na wa waliopo barabarani.

Utaijuaje namba? Kwanza, tafuta kibati au mhuri kwenye nyumba ya difu. Pili, fundi aegeshe gari tambarare bila tela, azime injini, aweke vigingi kwenye magurudumu ya mbele, ainue ekseli ya nyuma na kuiegemeza kwenye stendi imara, kisha aweke gia huru. Magurudumu ya pande zote mbili yakizungushwa pamoja mzunguko mmoja, mizunguko ya propela ndiyo hesabu. Tatu, ukijaribu gari barabarani katika gia ya moja kwa moja kwa kilomita 60 kwa saa, gawa mizunguko ya injini kwa 305 ikiwa matairi ni ya saizi tuliyoitaja.

Ukiamua kubadilisha difu, zingatia mambo matatu. Kraunwili na pinioni hununuliwa pamoja kama pacha, kwa sababu meno yake yamesagwa pamoja. Usichanganye ya skrepa mbili. Gari lenye ekseli mbili za kuvuta lazima difu zote mbili ziwe na namba moja, la sivyo zitapigana hadi zivunjike. Na spidomita irekebishwe, maana ukitoka namba kubwa kwenda ndogo bila kuirekebisha, itakuonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andika njia utakayopita, uzito utakaobeba na idadi ya gia za gari. Mpelekee fundi karatasi hiyo pamoja na namba ya difu. Ni saa moja ya maswali, na yeyote aliyewahi kulala kilimani na kontena la mteja nyuma yake anajua thamani ya saa hiyo.