Maji Yajapo Usiku, Jirani Yako Anajua la Kufanya?

Wakulima wa skimu za Ahero na West Kano wanaijua tabia ya mto Nyando. Mvua hunyesha mbali, huko vilima vya Nandi na Londiani, na huku uwandani mbingu ni nyeupe. Mtu amelala, kumbe maji yanamjia. Akiamka, barabara imekatika. Saa ile hakuna motokaa ya Serikali wala ya Msalaba Mwekundu iwezayo kumfikia upesi. Aliye karibu ni jirani yake tu.

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua karibu watu 300 katika Kenya. Na mara nyingi husikika habari ya mtu aliyeruka majini kumwokoa mwenzake, wakazama wote wawili. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini hakufundishwa. Maji yaendayo kwa nguvu, hata yakiwa ya sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Basi fundisho la kwanza la mwokozi ni kubaki ukingoni. Mnyoshee mtu fimbo ndefu. Asipoifikia, chukua mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, kaza kifuniko, funga kamba kwenye mpini, umtupie. Mtungi huelea, naye ataushika mpaka avutwe. Wewe lala chini unapovuta, usije ukavutwa. Mitungi tunayo kila nyumba. Lakini kamba je? Ile fupi ya kufungia ng'ombe haifai.

Tena yuko yule aliyetolewa majini hapumui. Wengi humwinamisha kichwa chini na kumkamua tumbo ili maji yatoke. Desturi hii ni mbaya: yapoteza dakika, na matapishi yaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na upesi mara 30, pumzi 2, tena 30, mpaka apumue au daktari afike. Lakini kazi hii haitoshi kusomwa gazetini. Lazima mikono ijaribu mbele ya mwalimu.

Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kilichowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, hufundisha watu wa kujitolea, na kamati ya skimu yaweza kuomba mafunzo. Chagueni watu wanaolala skimuni, si vijana wanaoshinda Kisumu. Chagueni na wanawake, kwa maana wanaume wakiwa mikutanoni (na mikutano hawaikosi), wao ndio walio nyumbani na watoto.

Mmoja awe na zamu ya usiku, apigiwe simu na ndugu wa Muhoroni na Koru mto unapofura, naye apige filimbi. Watu wakimbilie shule iliyo mahali pa juu. Ufunguo wake ujulikane sasa uko kwa nani.