Kizuri Hakikosi Ila: Fimbo ya Rafiki Anayestaafu

Askari hufunzwa tangu siku yake ya kwanza kutovumilia dosari. Kifungo kilicholegea, kiatu kisichong'aa, bunduki yenye vumbi: yote hayo yana adhabu yake, na ndivyo inavyostahili. Lakini ipo kazi moja ya mikono isiyotii amri za gwaride, nayo ni kuchonga zawadi ya mti kwa ajili ya mwenzetu anayestaafu.

Tumeshuhudia askari akianza kuchonga fimbo ya mpingo miezi kadhaa kabla ya rafiki yake kuagwa. Akikuta fundo, huitupa; akikuta mchirizi mweupe, huanza nyingine. Hatimaye siku ya kuagana huwadia naye hana kitu mkononi. Atafutaye zawadi isiyo na ila, mwisho wake hutoa udhuru.

Mpingo wenyewe ni mwalimu. Hukua polepole mno, na aghalabu hupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa. Kiini chake ni cheusi, tena kizito hata huzama majini, ilhali tabaka lake la nje ni jeupe lenye umanjano. Watengenezaji wa klarineti, zile zumari za bendi, hutupa sehemu kubwa ya gogo kwa sababu ya nyufa na mafundo. Hatuwalaumu, maana pumzi ikivuja sauti huharibika. Fimbo ya rafiki haipulizwi, huegemewa.

Ufundi huu si mgeni kwa watu waliopitia vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu nchini Kenya, alifika Tanganyika na kujifunza uchongaji kwa Wazaramo. Aliporejea aliwafundisha wenzake, na kazi hiyo ikaenea Ukambani. Mchongaji hodari hulitazama gogo kwanza, ndipo hushika tezo. Penye pindo hufuata pindo. Penye fundo hulizunguka au hulifanya kuwa pambo.

Hata hivyo, tusichanganye ila na udhaifu. Alama ya patasi, mchirizi mweupe, au fundo dogo lililoshikamana barabara, viacheni vilivyo. Bali ufa unaokatiza fimbo, au nyuzi za mti zinazokwenda mshazari, ni hatari, kwa kuwa fimbo itavunjika siku mzee atakapoitegemea. Kuuziba ufa wa namna hiyo kwa nta na rangi ni kumdanganya rafiki. Fimbo hiyo haina budi kuachwa.

Nyufa nyingi huletwa na haraka. Mti mbichi hukauka upesi zaidi nchani kuliko katikati, hivyo ncha hupasuka. Ndiyo sababu mafundi hupaka nta kwenye ncha na kuuweka mti kivulini, mbali na jua na moto, mpaka ukauke taratibu.

Basi, ndugu zetu askari na polisi, anzeni mapema, chagueni mti mzima, na msione haya kwa fundo. Mstaafu atakapoishika fimbo hiyo kijijini kwake, kidole gumba kitalikuta fundo lile mlilomwachia, naye atajua kwamba haikununuliwa dukani.