MP3 Ikigeuzwa WAV Inabaki na Nini?

Hapa Mbagala, wasanii huniletea midundo kwenye flashi, mingi ikiwa MP3, na ombi huwa lilelile: "Kaka, nigeuzie iwe WAV, isikike safi." Kugeuza hakuna kazi. Nafungua wimbo kwenye Audacity, programu ya bure, kisha naagiza faili litoke kama WAV ya biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango kilekile cha CD.

Faili linavimba kweli. Wimbo wa dakika nne, uliokuwa MB 4 hivi kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, unafika MB 40. Lakini usafi hauongezeki hata chembe. MP3, ambayo watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani walishiriki kuibuni, hupunguza uzito kwa kutupa sauti ambazo sikio halizishiki kirahisi, na kilichotupwa hakirudi. Sikiliza matoazi ya singeli, muziki unaokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika: kwenye MP3 hafifu yanachuruzika kama yamelowa maji, na kwenye WAV iliyotokana nayo yanachuruzika vilevile.

Hata hivyo nageuza, tena kabla sijagusa chochote. Ukikata wimbo ukauhifadhi upya kama MP3, unapunguzwa mara ya pili. WAV haipunguzwi.

Kwa hiyo, vijana wa Tandale, Manzese na Temeke nzima, mtayarishaji akimaliza mdundo, daini WAV ya kwanza kabisa, ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Kwenye WhatsApp aitume kama dokumenti.